Mnyanyue mita 1, kamera imalizie: kumrusha mwigizaji kwa waya hapa Mtwara

Tawi la mkorosho lilivunjika tulipovuta mara ya tatu. Lilikuwa nene kama paja langu, na kilichoning'inia ni gunia la mchanga la kilo 80. Baada ya gunia alikuwa aning'inie binti wa miaka 19, mkanda ameshauvaa. Tangu siku ile, hapa Mikindani hakuna mtu anayepanda kwenye waya wangu kabla gunia halijapanda mara 10, na liwe zito kuliko yeye.

Miti niliiacha kabisa. Mkorosho hukatika bila kukuonya. Sasa tunatumia pagala, kwa ruhusa ya mwenyewe, pale penye boriti nzima ya zege yenye nondo. Boriti tunaifunika magunia kwenye kona, kisha tunazungusha mkanda mpana wa kunyanyulia mizigo, kwa sababu kona ya zege inakula kamba kama msasa.

Kuna hesabu ambayo wengi wanaikosea. Kamba ikipita kwenye kapi juu na kurudi chini kwa wavutaji, boriti haibebi kilo 60 za mwigizaji peke yake. Inabeba na nguvu ya wanaovuta, jumla kilo 120. Mimi nazidisha mara 10, maana mtu akishtuka au akidondoka kidogo kisha kamba ikamkamata, uzito unaruka ghafla. Kwa hiyo kapi na mkanda wa juu viwe vya kilo 1,200, na waya wa kilo 600 au zaidi. Kisichoandikwa uwezo wake, sikinunui hata kiwe cha bure.

Na usifunge kamba kati ya minazi miwili ukaikaza kama ya kuanikia nguo. Ikiwa imelegea kidogo tu, pembe ya nyuzi 10 kutoka usawa, mtu wa kilo 60 aliyetulia anaipa kila upande zaidi ya kilo 170.

Nahodha mmoja mzee aliniona nimepiga fundo kwenye kamba ya kuvutia. "Mwanangu," akasema, "hapo umeshaikata nusu." Ni kweli, fundo linaweza kupunguza nguvu ya kamba karibu nusu. Waya wa chuma haufungwi fundo kabisa: unakunjwa kuzunguka pete yake ya chuma yenye mfereji, unabanwa kwa klampu 3. Tandiko la klampu, kile kipande kinachokalia waya, likae upande wa waya unaobeba mzigo, ile bolti ya herufi U ikae upande wa mkia, ile ncha fupi iliyokunjwa. Ukigeuza, bolti inauponda waya unaokushikilia.

Chumvi ya bahari nayo haina huruma. Kila asubuhi napitisha kipande cha pamba kwenye waya wote. Ikinasa mahali, kuna uzi umekatika, waya huo unatupwa. Ndiyo maana siupaki rangi nzito, inaficha majeraha.

Mkanda wa mwilini ndipo pa kumaliza pesa. Tafuta wa mwili mzima, kama wa mafundi wa minara ya simu, uvaliwe ndani ya nguo. Kamba ya kiunoni hapana. Na mtu asining'inie kimya huku mnarekebisha taa: mapaja yanabanwa, damu hairudi vizuri, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Akisema miguu imekufa ganzi, mshusheni kwanza.

Urefu wenyewe uachie kamera. Iweke karibu na ardhi, lenzi pana, godoro lisionekane. Piga pia picha ya mahali patupu, kamera isiguswe, ili kwenye kompyuta ufute waya kwa urahisi. Epuka anga la bahari nyuma ya mwigizaji. Kuta kuukuu za Mikindani zinaumeza waya vizuri zaidi.

Yule binti aliruka mwezi uliofuata. Nyayo zake zilikuwa sentimita 90 juu ya godoro. Mama yake alipotazama kwenye simu alinishika mkono, akaniuliza tulimpitishaje juu ya paa.