Kwa mnaoanza Pandemic: sheria ikiwachanganya, msikimbilie jibu tamu

Nimekuwa nafundisha watu kucheza Pandemic, ule mchezo wa mezani wa ubao na kadi, kwa miaka kadhaa sasa, pale pale sebuleni kwangu wikiendi, na kuna kitu nimekiona kila mara nataka nyie wageni mkijue mapema. Kwenye karata ukikosea sheria kuna mtu pembeni atakurukia, sababu kosa lako linamuumiza yeye. Kwenye bao ndo kabisa, mpinzani anazihesabu kete zako kuliko unavyozihesabu mwenyewe. Sasa Pandemic haina mpinzani, wote mko upande mmoja mnapambana na magonjwa manne kwenye ramani ya miji 48, kwa hiyo sheria isipoeleweka wote mezani mnatamani jibu moja, lile linalowaokoa, na hakuna wa kubisha.

Sisi tulikaa kama miezi mitatu tunashinda karibu kila mechi, tena tukiweka kadi sita za janga (zile zinazozidisha magonjwa ghafla) ambayo ndo ngazi ngumu, mpaka siku moja dada mmoja mgeni akauliza kwa upole tu, jamani hapo kwenye kitabu wameandika wapi kwamba Mtafiti, mmoja wa wahusika tunaocheza, anachukua kadi yoyote anayotaka? Tukafungua. Hakuna. Mtafiti anaruhusiwa KUTOA kadi yoyote ya mji aliyonayo mkononi akampa mtu aliye naye mji mmoja, hata kama kadi sio ya mji waliosimama. Kupokea ni kama watu wengine wote, lazima kadi iwe ya mji mliopo. Sisi tulikuwa tunapeana kote kote, na ndo ilikuwa inatupa ushindi. Iliniuma kweli, sababu ile michezo tulikuwa tunaihesabu.

Toka hapo nikawa naanza na kitenzi. Kadi ikisema toa, ni toa. Ikisema unaweza, maana yake sio lazima. Na soma kadi yenyewe kwa sauti, usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyecheza sana, maana huyo ndo mara nyingi kashazoea makosa yake.

Kuna shida nyingine ambayo inatuhusu sisi tunaoeleza kwa Kiswahili. Kitabu ni cha Kiingereza, wewe unatafsiri papo hapo huku unapanga vitofali (vile vidogo vya rangi vinavyoonyesha ugonjwa mjini), basi unasema "kutibu" kwa mambo mawili tofauti: kuondoa kitofali kimoja mjini, na kugundua dawa kwa kadi tano za rangi moja ukiwa kwenye kituo cha utafiti. Mgeni anachanganyikiwa halafu anaambiwa sheria ngumu, kumbe maneno yetu ndo yamegongana. Hivo hivo "mlipuko" unakuta mtu anautumia kwa kadi ya janga na pia kwa mji uliojaa. Chagueni neno moja kwa jambo moja kabla hamjaanza. Mezani kwangu kuondoa kitofali ni kupunguza, dawa ni dawa, janga ni ile kadi, mlipuko ni mji kufurika. Nimeona ugomvi unapungua mno baada ya hapo.

Sasa huu mlipuko wenyewe tuuangalie taratibu, maana hapa ndo watu wanapotea. Tuseme Khartoum ina vitofali vitatu vya njano na Kinshasa nayo vitatu, Lagos na Johannesburg hazina kitu. Inafunguliwa kadi ya Khartoum kwenye rundo la maambukizi, yaani iongezewe kitofali kimoja, na mji haubebi zaidi ya vitatu vya rangi moja. Kitofali cha nne hakiwekwi, Khartoum inalipuka, na kila jirani anapata kimoja cha njano: Cairo, Lagos, Kinshasa, Johannesburg. Cairo ni mji mweusi lakini kinachoingia ni cha njano, na vya njano mnavihesabu peke yake, havijumlishwi na vyeusi vilivyopo. Kinshasa ilikuwa na vitatu tayari kwa hiyo nayo inalipuka, inawapa Lagos na Johannesburg kimoja kimoja tena. Je, inairudishia Khartoum? Hapana, mji ukishalipuka kwenye mfululizo ule haulipuki tena wala hauongezewi. Mwisho wake Lagos viwili, Johannesburg viwili, Cairo kimoja, Khartoum na Kinshasa zinabaki na vitatu vitatu, na alama ya milipuko imesogea mara mbili, sio mara moja. Ukifika mlipuko wa nane mmekwisha, ndo maana hiyo hesabu ya moja au mbili sio ya kupuuzia. Nakushauri upange hii hali kwa mkono wako kabla hujamfundisha mtu, vitofali ukivishika inaingia akilini haraka kuliko kusoma.

Nyingine ni mpangilio wa kadi ya janga. Unasogeza kasi ya maambukizi, unachukua kadi ya CHINI kabisa ya rundo la maambukizi unajaza vitofali vitatu kwenye mji huo (kama mji una vya rangi hiyo tayari, unajaza vifike vitatu tu halafu unalipuka), kisha unachanganya zile zilizotupwa peke yake unazirudisha juu. Watu wanachanganya rundo zima, na hapo mchezo unakuwa mwepesi mno, maana hatari yenyewe ni kwamba miji ile ile iliyoumia inarudi. Na kuna kadi ya tukio inayofuta kadi moja ya mji kwenye zilizotupwa. Swali linakuja kila siku: naweza kuitumia katikati ya janga? Ndio, baada ya kujaza vile vitatu na kabla ya kuchanganya, kadi yenyewe imesema hivyo. Kwa hiyo Johannesburg ikipigwa vitatu unaweza kuifuta palepale isirudi tena. Sio kudanganya hiyo, msiogope.

Maana kuna watu baada ya kushikwa makosa wanageuka wakali kupita kiasi, wanajinyima hadi haki zao. Vitofali vya rangi moja viko 24, vikiisha kwenye akiba hamjashindwa bado, mnashindwa pale mnapotakiwa kuweka na hakuna. Kadi za wachezaji vilevile, mpaka ufike muda wa kuchota mbili na hazitoshi. Na ushindi ni dawa ya nne kupatikana, palepale, hata kama ramani imejaa vitofali. Nimeona watu wameshinda halafu wakaendelea kusafisha miji mpaka wakashindwa, inasikitisha.

Mkikwama kabisa, ninavyofanya ni hivi. Tunapeana dakika mbili za kutafuta kwenye kitabu, na anayetafuta sio yule mwenye zamu, anayehusika na matokeo macho yake yanaona anachotaka. Tusipopata tunachagua tafsiri inayotuumiza, kwa usiku huo tu, na tunaichagua KABLA kadi haijafunguliwa. Ikishafunguliwa tumechelewa, kila mtu keshajua jibu gani linamfaa. Haturudishi mchezo nyuma pia, hata tukigundua kosa la raundi mbili zilizopita.

Halafu angalieni toleo. Pandemic ya Matt Leacock ilitoka 2008 ikiwa na wahusika watano, toleo la 2013 likaongeza wawili, kwa hiyo usichukue maelezo ya boksi la rafiki yako ukayaweka kwenye lako bila kulinganisha. Mimi ndani ya kifuniko nimebandika karatasi, kila swali lililotukwama tunaliandika na penseli, likipata jibu tunalipitishia wino na ukurasa wake. Kwa sasa kuna mistari kumi na moja, tisa ina wino, miwili bado.