Mbona hukusema wakati ule?

SWALI: Asalamu alaykum. Nina miaka 34, naishi Langoni, Lamu. Nilipokuwa na miaka tisa, jamaa wa nyumbani alinifanyia uchafu. Hadi leo nikisikia komeo la mlango likifungwa, moyo hunienda mbio na mwili hufa ganzi. Nilipomweleza shangazi aliniuliza mbona sikusema wakati ule, akaongeza kuwa yaliyopita si ndwele. Mume wangu ataka nimwone mshauri. Kukumbushwa yale tena kutanifaa nini?

JIBU: Waalaykum salaam, dadangu. Nianze na shangazi, maana naona swali lake limekuchoma. Mtoto atamshtaki kwa nani mtu anayekula naye sinia moja? Uchunguzi wa kitaifa Kenya mwaka 2010 ulikuta kuwa asilimia 32 ya wanawake wa miaka 18 hadi 24, na asilimia 18 ya wanaume, walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wangapi umewahi kuwasikia wakisema? Kunyamaza miaka mingi ni jambo la kawaida kwa waliopitia haya, wala hakumfanyi mtu mwongo.

Sasa tiba. Komeo likilia, mwili wako hujibu kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Wewe nawe hukimbia, ukapata nafuu ya dakika chache, lakini mwili haukupata nafasi ya kujua kwamba safari hii hakuna aliyeingia. Ndiyo maana hofu haizeeki. Vikao vya kwanza na mshauri havigusi tukio. Utafundishwa kutuliza pumzi na kutambua yanayokushtua. Baadaye, kwa kasi yako mwenyewe, utalisimulia kwa mpangilio, zaidi ya mara moja, na kuzikagua zile fikra za "nilijitakia". Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya namna hii mwaka 2013. Mara nyingi huchukua vikao 8 hadi 16. Ndoto mbaya zaweza kuzidi kidogo katikati. Mwambie mshauri, usikatize. Akikulazimisha kueleza yote siku ya kwanza, tafuta mwingine, tena aliyesajiliwa.

Kama husomewa dua, endelea nako, hakugombani na tiba. Mumeo si lazima ajue kila kitu. Akukubalie mlango ubaki wazi usiku, yatosha kwa sasa.

Hukunieleza kama jamaa huyo bado huingia nyumba zenye watoto. Ikiwa ndivyo, piga 116, simu ya bure ya kulinda watoto, hata kabla hujaanza tiba.