Maswali ya Wasomaji: Lucille Ball na picha zake zisizochuja

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni binti wa miaka 22, mwanachama wa kikundi cha maigizo ya kuchekesha hapa Uyole, Mbeya. Mwalimu wetu ametuonyesha michezo ya Mmarekani aitwaye Lucille Ball, iliyorekodiwa kabla bibi yangu hajaolewa, nasi tumecheka mpaka machozi yakatutoka. Je, alizaliwa na kipaji hicho? Na imewezekanaje picha za zamani namna ile ziwe safi kuliko kanda za harusi ya wazazi wangu? Nauliza pia kwa sababu kuna mfanyabiashara anayetaka kununua vichekesho vyetu vyote kwa mkupuo, na wenzangu wanataka tukubali.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maswali yako yanahusiana kuliko unavyodhani.

Lucille Ball alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 katika mji wa Jamestown, jimbo la New York, na alikuwa hajatimiza miaka minne baba yake alipofariki kwa homa ya matumbo. Alipopelekwa shule ya maigizo akiwa kigoli, walimu walimwona mwenye haya kupita kiasi na wakakata tamaa naye. Akaishi kwa kuonyesha mavazi, akafika Hollywood mwaka 1933, na kwa miaka mingi akacheza nafasi ndogondogo na filamu za gharama nafuu. Mchezo uliompa jina, *I Love Lucy*, ulipoanza kurushwa tarehe 15 Oktoba 1951, tayari alikuwa na miaka 40.

Kipaji alikuwa nacho, lakini mimi naamini kilichowatoa machozi ni mazoezi. Bila shaka mwalimu wenu amewaonyesha kipande cha mwaka 1952, ambamo Lucy na mwenzake, Vivian Vance, wanafunga chokoleti zinazopita juu ya mkanda. Wasomaji wetu wa Rungwe na Njombe waliowahi kupanga parachichi kiwandani wanaijua hofu ile ya mkanda unaoongeza kasi huku mikono ni ile ile miwili. Lucy anazitia chokoleti mdomoni, kofiani na ndani ya nguo, na uso wake haubadiliki kuwa wa mtu anayejua kwamba anachekesha. Anabaki mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa. Kama kikundi chenu kitajifunza jambo moja la uigizaji kutoka kwake, ningeomba liwe hilo.

Sasa nije kwenye usafi wa picha. Wakati ule vipindi vingi vya televisheni ya Marekani viliigizwa moja kwa moja kutoka New York, na watu wa majimbo ya mbali walipata nakala iliyopigwa kwa kuelekeza kamera kwenye kioo cha televisheni, yenye ukungu kama asubuhi ya Juni kule Kitulo. Mdhamini alitaka iwe hivyo. Lucille na mumewe, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Kuba aliyeigiza naye, walitaka kubaki California, hivyo wakapendekeza mchezo upigwe kwa filamu halisi ya sinema, kwa kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji walioketi ukumbini. Karl Freund, mpiga picha mzoefu wa sinema, ndiye aliyepanga taa ili kamera zote tatu zione vizuri.

Gharama ikapanda. Wakubwa wa kituo walipolalamika, wawili hao walikubali kukatwa sehemu ya ujira wao kwa sharti kwamba filamu zibaki mali ya kampuni yao, Desilu. Sifa ya mpango huo ni ya Desi kwa kiasi kikubwa, na si haki kumsahau. Wakati ule ilidhaniwa kwamba kipindi kikishaonyeshwa hakina thamani tena. Lakini vipindi 180 vilivyokamilika mwaka 1957 viliuzwa kwa mamilioni ya dola, na mwaka huo huo Desilu ikanunua studio za RKO, ambako Lucille aliwahi kuwa mwigizaji wa mkataba. Walitalikiana mwaka 1960. Mwaka 1962 alinunua hisa za Desi akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni nchini mwake, na chini yake ndipo *Star Trek*, tamthilia ya safari za anga za mbali, ilipoanza. Alifariki tarehe 26 Aprili 1989, akiwa na miaka 77. Televisheni ilienea Tanzania Bara miaka ya 1990, ndiyo maana bibi yako huenda hajawahi kumsikia.

Kuhusu mfanyabiashara wenu, msitie saini haraka. Mwulizeni kama ananunua ruhusa ya kuonyesha kwa muda fulani au ananunua kazi yenyewe milele, maana hayo ni mambo mawili tofauti na bei zake haziwezi kulingana. Sajilini vichekesho hivyo kwanza katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kwa majina ya wanakikundi wote, kisha mumpe mwanasheria ausome mkataba. Wenzako wakihofia kwamba mteja atakimbia, waelezeni kuhusu ujira ule uliokatwa mwaka 1951.