Bahasha imebadilishwa anwani

Wiki hii mmetuuliza: filamu ikishapendwa kwa lugha moja, kuna haja gani ya kuifanya upya kwa lugha nyingine? Nasema haja ipo, na shahidi wangu ni C/o Kaadhal, filamu ya India ya lugha ya Kitamil, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Hemambar Jasti.

Chimbuko lake ni C/o Kancharapalem, filamu ya 2018 ya Kitelugu, lugha nyingine ya India, ya mwongozaji Venkatesh Maha. Kancharapalem ni mtaa wa jiji la Visakhapatnam, na wakazi zaidi ya 80 wa mtaa huo ndio walioigiza, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Sisi tuliokulia enzi za barua tunaijua hiyo C/o. Mtu hana sanduku la posta, unamwandikia kupitia kwa mwenye nalo. Sasa Kaadhal kwa Kitamil ni mapenzi. Yaani wamefuta jina la mtaa kwenye bahasha, wakaandika mapenzi! Niliogopa, maana utamu wa ile ya kwanza kwangu ulikuwa mtaa wenyewe na sura za watu wake.

Mapenzi manne yanasimuliwa kwa kupokezana: ya watoto wa shule, ya kijana Mkristo mwepesi wa kupigana na binti wa Kibrahmin, tabaka la juu la Wahindu, ya muuzaji wa duka la pombe na mteja wake, na ya mhudumu wa ofisi aliyefika utu uzima bila kuoa, anayependana na bosi wake mjane.

La duka la pombe ndilo lililonikaa moyoni. Mwanamke anakuja usiku kununua chupa, amejifunika uso, na muuzaji haoni kitu ila macho. Anayapenda macho hayo kabla hajajua mwenyewe anaitwa nani wala anaishije. Baadaye anakuja kujua kwamba mwanamke huyo, Saleema, anauza mwili, na bado anamtaka awe mke wake. Hapo sikuhitaji kujua niko mtaa gani. Hofu yangu juu ya ile bahasha ikaanza kupungua.

Asiyeitazama bado aishie hapa, kwa sababu siwezi kumaliza jibu langu bila kutoa siri. Wanaume wale wanne ni mtu mmoja. Majina ni tofauti, dini tofauti, waigizaji tofauti, kwa hiyo mtazamaji anadhani mambo yote yanatokea kwa wakati mmoja, kumbe ni umri wa mtu mmoja umekatwa vipande vinne.

Siri kama hiyo hukushtua mara moja tu. Ndiyo maana nashukuru filamu ilirudiwa. Kwenye Kitelugu, watu walipokuwa wakimsema yule mhudumu kwa kukaa bila mke, nilimwona mpole tu asiye na bahati. Kwenye Kitamil nilijua kila alichokizika, na kila akinyamaza mimi nilikuwa nahesabu: yule wa shuleni, yule wa Kibrahmin, Saleema.

Tena yule kijana Mkristo ameigizwa na Karthik Rathnam katika filamu zote mbili. Mara ya kwanza alipoachwa nililia kwa ajili yake. Mara ya pili nilimlilia yule mtu mzima wa kule ofisini, ambaye hadithi ilikuwa bado haijamuunganisha naye.