Maoni ya Mtumiaji wa Linux Yapelekwe Wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, dukani kwangu Majengo, Dodoma, ninapotoa fotokopi, natumia kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux. Umeme ulikatika katikati ya masasisho, nayo ikagoma kuwaka vizuri. Natamani masasisho yaendelee pale yalipoishia. Niwaandikie vipi watengenezaji?

Jibu: Ndugu msomaji, pendekezo lako ni la msingi kabisa. Katika mifumo ya Linux ya ukoo wa Debian, yaani Debian yenyewe na iliyojengwa juu yake kama Ubuntu, amri ya sudo dpkg --configure -a hukamilisha usakinishaji uliokatizwa, lakini mwenye duka hapaswi kulazimika kuijua, na hilo ndilo la kuwaeleza. Andika jambo moja katika kila taarifa, ukitaja toleo, aina ya kompyuta na hatua zilizotangulia hitilafu. Kwa Ubuntu, uliotoka mwaka 2004, taarifa hupokelewa kwenye tovuti ya Launchpad, ambako wajitoleaji pia hutafsiri menyu.