"Vumilia" si neno la usuluhishi

Juzi msomaji ameniandikia: "Shangazi, nimeteuliwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata yetu. Nianzeje?" Mwanangu, nami nilianza vibaya.

Kabla ya kuwa mjumbe nilikuwa mteja wa baraza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, haikuruhusu kupeleka ombi la talaka mahakamani bila kupita barazani, isipokuwa kwa sababu chache, basi nikaenda. Sijamaliza sentensi ya pili, mwenyekiti akanikata: "Mama, vumilia, ndoa ndivyo zilivyo." Mume wangu akatabasamu. Miaka imepita na tabasamu lile bado linanikera.

Nilipoingia barazani mwenyewe nikaapa neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Nikawa na maneno yangu, na wenzangu walinisifu. Siulizi "kwa nini ulimpiga", maana hapo mtu anaanza kujitetea. Nauliza "mlianza lini kununiana?" Siwaiti mlalamikaji na mlalamikiwa, hapa si polisi. Nawaita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, baba fulani, mama fulani, na mara nyingi naona mabega yanashuka. Wanakumbuka kuna mtu wa tatu.

Mwezi uliopita nikafanya hivyohivyo. Mume kakunja mikono, mke anafungua na kufunga zipu ya mkoba, zzz, zzz. Nikamwita mama fulani kwa sauti yangu ya asali. Zipu ikanyamaza.

"Mimi nina jina langu. Miaka kumi na minne sijalisikia nyumbani kwangu."

Nilitamani benchi linimeze. Kumbe nami nilikuwa namsukuma arudi kwake, kwa adabu tu. Nikamuuliza jina lake, na kabla hajajibu mumewe akalitaja, taratibu, akiangalia sakafu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, na wote mnaopenda kupatanisha watu: uliza kwanza wanataka kuitwaje. Acheni kupenda sauti zenu! Neno tamu linaweza kumfunga mtu kuliko kamba, na wewe ukarudi nyumbani ukijiona umeokoa ndoa. Uliza, kisha nyamaza.

Hati ya kwamba tumeshindwa kuwapatanisha tuliwaandikia vilevile, wakaenda nayo mahakamani. Walipotoka, mwenyekiti wetu akaniuliza kwa nini sikumwambia yule mama avumilie kidogo.

Nikakusanya karatasi zangu.