Kompyuta imehama, anwani yake haijahama

SUALI: Asalaam aleikum. Mie nipo Wete, Pemba, mume wangu kanunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika huko Unguja, ilikuwa ya ofisi moja waliziuza za zamani walipoleta mpya, ikaja na boti imefungwa kwenye blangeti salama salimini. Inawaka vizuri, ina Windows 10, kuandika inaandika, lakini intaneti haipati kabisa. Rauta ya nyumbani tunayo, simu zetu zote zinapata, nimenunua hadi waya mpya nikachomeka na kitaa cha kijani pale nyuma kinawaka, lakini ukibonyeza alama ya mtandao pale chini inaandika "Unidentified network". Fundi kaja, kaitizama dakika mbili tatu, akasema kadi ya mtandao imekufa na Windows ifutwe iwekwe upya, jumla shilingi 60,000. Shemeji yangu kaniambia nikuandikie zile namba za ndani nazo ni hizi: anwani 10.20.4.37, geti 10.20.4.1, DNS 10.20.4.5. Mtoto wangu yuko fomu foo anaitaka hiyo mashine kwa masomo, naomba unsaidie kabla sijatoa hizo pesa.
Mama wa watatu, Wete

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na mshukuru sana huyo shemeji maana zile namba ndo zilizojibu suali lako kabla sijamaliza kulisoma. Hizo 60,000 usizitoe kwanza. Kile kitaa cha kijani kinakwambia kadi ya kompyuta na rauta vinaonana kupitia waya, kadi iliyokufa kwa kawaida haiwashi kitaa. Mashine yako ni nzima, tatizo lake ni moja tu, bado inajiona iko ofisini.

Iko hivi. Kila kitu kinachoingia kwenye mtandao, iwe simu, kompyuta au tivii, lazima kiwe na anwani yake ya IP, yaani namba inayokitambulisha mtandaoni. Kwenye baadhi ya ofisi yule mtu wa kompyuta huandika anwani kwa mkono ndani ya kila mashine na ikishaandikwa imeandikwa, uizime uiwashe uipeleke Mkoani uirudishe, itasema mimi ni 10.20.4.37 na mlango wangu wa kutokea ni 10.20.4.1. Sasa chukua simu yako hapo ulipo, ingia kwenye mipangilio ya waifai, bonyeza jina la mtandao wenu, utaona anwani yake, na kwa rauta nyingi za nyumbani inaanza na 192.168. Huo ndo mtaa wa rauta yenu. Kompyuta inatafuta mlango wa 10.20.4.1 na mlango huo nyumbani kwenu haupo. Ni kama mtu aliyehama Michenzani kaja kukaa Wete, kisha akiulizwa anakaa wapi anataja jumba lake la Michenzani, barua zake zitafika vipi?

Dawa yake ni kuiacha iombe anwani kwa rauta yenyewe. Utaratibu huo unaitwa DHCP, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1993 na huu tunaoutumia leo ni wa 1997, na ndo unaofanya simu ya mgeni ikapata intaneti kwenu bila ya mtu kuandika namba hata moja zaidi ya neno la siri. Mashine ikiwaka inapiga ukelele mtandaoni, nani atanipa anwani? Rauta inajibu, chukua hii. Mashine inasema nimeikubali, rauta inasema basi ni yako, na hapo hapo inaipa na geti, yaani ule mlango wa kutokea, na DNS, yaani mashine inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Mazungumzo yote hayo hayachukui hata sekunde chache. Anwani yenyewe ni ya kukodishwa kwa muda, rauta nyingi za nyumbani hutoa kwa siku moja, na muda ukifika nusu mashine inaomba kuongezewa, wewe hujui wala huhitaji kujua.

Haya kaa mbele ya kompyuta. Bonyeza kitufe cha kibodi chenye alama ya Windows pamoja na R, kitatokea kiboksi kidogo, andika ncpa.cpl kisha Enter. Utaona alama za mitandao, ya waya imeandikwa Ethernet. Bonyeza kulia juu yake, chagua "Properties", na hapo ikikuuliza neno la siri la msimamizi ambalo hunalo basi mume wako awapigie waliomuuzia wampe, ni haki yenu. Kwenye ile orodha tafuta "Internet Protocol Version 4 (TCP/IPv4)", ibonyeze mara mbili. Sasa hapa kabla hujagusa kitu chukua simu upige picha ya kioo. Namba unazo najua, lakini piga picha, kila unapobadilisha mpangilio wowote wa kompyuta piga picha kwanza. Kisha weka kidoti kwenye "Obtain an IP address automatically" juu, na cha chini yake "Obtain DNS server address automatically". Hicho cha chini wengi wanakisahau, DNS ya ofisi ikabaki, halafu wanalalamika mtandao umeunganika lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Bonyeza OK, na lile dirisha la nyuma nalo ulifunge kwa OK maana usipolifunga mabadiliko yanaweza yasishike.

Kuhakikisha, bonyeza tena Windows na R, andika cmd, Enter, kwenye dirisha jeusi andika ipconfig /all. Tafuta mstari wa "DHCP Enabled", useme Yes, na anwani iwe inaanza kama ya simu yako. Ukikuta inaanza na 169.254 ujue mashine imeita lakini haikujibiwa ikajipa anwani yenyewe, hapo zima rauta uiwashe, jaribu tundu jengine la rauta, kisha andika ipconfig /renew.

Na kitu chengine, kwa vile ilikuwa ya ofisi. Ikiwa anwani imekaa sawa na kurasa bado hazifunguki, ingia "Settings", "Network & Internet", "Proxy", ukikuta "Use a proxy server" imewashwa izime. Ofisi nyengine hupitisha kila kitu kwenye mashine moja ya kati na mashine hiyo kwenu haipo.

Kuhusu fundi, sitaki kumsema vibaya mtu nisiyemjua, lakini jambo hili linaniuma kwa sababu nimeliona mara nyingi. Windows ikifutwa intaneti ingerudi kweli, maana Windows mpya huja tayari iko kwenye otomatiki, na nyote mungeamini kadi ilikuwa imekufa na imebadilishwa. Mkawa mumelipia kadi ambayo haikuhitajika. Na nyumba nyengine hufutiwa na picha za harusi na kazi za skuli za watoto kwa tatizo la vidoti viwili.

SUALI: Nna steshenari ndogo Chake Chake, kompyuta tatu na printa moja ya waifai. Kila umeme ukikatika ukirudi printa haionekani, kwa hivyo niliipa anwani kwa mkono 192.168.1.105, sasa mara inachapa mara haichapi. Niirudishe otomatiki?
Mwenye steshenari

JIBU: Usiirudishe hivi hivi yakhe, wako ni kinyume na wa huyo dada wa Wete. Printa inayotumiwa na mashine tatu inafaa ikae na anwani moja isiyobadilika, maana kompyuta zako zimeikariri kwa namba, umeme ukirudi kila kitu kinaomba upya na printa inaweza kupewa namba nyengine. Wazo lako lilikuwa sawa, namba ndo uliyokosea. Rauta nyingi hugawa kuanzia 100 kwenda juu, kwa hivyo hiyo 105 kuna siku inampa mteja aliyeingia na simu yake, vitu viwili vinagombania anwani moja na printa inapotea. Ingia kwenye rauta, tizama sehemu ya DHCP inaanzia namba ngapi na kuishia ngapi, na printa uipe namba iliyo nje ya hapo, mfano 192.168.1.50 kama mgao unaanzia 100. Au lililo bora zaidi, printa irudishe otomatiki lakini ndani ya rauta uihifadhie namba yake kwa kutumia anwani ya MAC, yaani ile namba ya utambulisho inayotoka nayo kiwandani, iliyobandikwa nyuma au chini ya printa, baadaye ukija kubadilisha mpangilio utabadilisha sehemu moja tu. Kisha kwenye kila kompyuta ifute printa ya zamani uiongeze upya kwa namba mpya, zile tatu zote, usiache hata moja.